Whitney Houston (1985): sauti moja, maprodyuza wanne

Albamu ya kwanza ya Whitney Houston, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka Marekani Februari 1985 chini ya lebo ya Arista. Whitney alikuwa na miaka 21. Haikushika kasi mara moja: ilifika nambari 1 kwenye chati ya albamu ya Billboard Machi 1986, zaidi ya mwaka mzima baadaye, ikakaa kileleni wiki 14 kwa jumla. Singo ndizo zilizoisukuma. "You Give Good Love" iliishia nambari 3, kisha "Saving All My Love for You", "How Will I Know" na "Greatest Love of All" zikashika nambari 1 zote tatu.

Clive Davis, mkuu wa Arista, aligawa nyimbo 10 kwa maprodyuza wanne: Michael Masser nne, Jermaine Jackson tatu, Kashif mbili, Narada Michael Walden moja. Mgawanyo huo unasikika, na ndio unaoeleza uzuri na udhaifu wa albamu hii.

Masser anaiachia sauti nafasi. Katika "Saving All My Love for You" mdundo unabembea taratibu, saksafoni ya Tom Scott inapita kwa upole, na Whitney anaanza chini kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye. Wimbo ni wa mwanamke anayempenda mume wa mtu. Angepaza sauti tangu ubeti wa kwanza, siri ingekuwa imeshavuja. Nguvu anaiweka akiba mpaka mwishoni. Ustadi huohuo uko kwenye "Greatest Love of All", ambao George Benson aliurekodi kwanza mwaka 1977 kwa ajili ya filamu kuhusu Muhammad Ali. Whitney anaupanda hatua kwa hatua juu ya kinanda cha umeme, na ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, unapopandishwa kuelekea mwisho, bado ana pumzi ya kutosha. Waimbaji wengi wanaouiga wanakwama hapo, kwa sababu nguvu yote wameshaimaliza kwenye kiitikio cha kwanza.

"How Will I Know" ya Walden ndiyo iliyochangamka kuliko zote. Miongoni mwa waitikiaji yumo mama yake, Cissy Houston. Toleo la maadhimisho la mwaka 2010 lina wimbo huu bila ala, sauti tupu, na hilo peke yake linatosha kulitafuta. Unasikia pumzi zinavyovutwa kabla ya kila mstari, na jinsi waitikiaji wanavyompokea papo hapo, kwaya ya kanisani kabisa.

Sehemu dhaifu ni nyimbo za Jermaine. Kwenye "Someone for Me" sinthesaiza na ngoma za mashine zimejaa kila pengo, sauti haina pa kupumulia. Nyimbo mbili anazoimba naye pia hazipandi: sauti ya Jermaine ni nyepesi, na Whitney analazimika kujibana ili asimfunike. Linganisha na "Hold Me", alioimba na Teddy Pendergrass, mwenye sauti nzito inayobeba uzito sawa na wake. Wimbo huo ulitoka mapema, 1984, kwenye albamu ya Pendergrass, na kushirikishwa huko kwenye albamu za wengine ndiko kulikomnyima nafasi ya kushindania tuzo ya Grammy ya msanii mpya. Grammy alipata hata hivyo, kwa uimbaji wake wa "Saving All My Love for You". Usiruke "All at Once" pia. Ni Masser tena, na haupungui kitu mbele ya singo zenyewe.

Kwa wanaotafuta santuri ya zamani: "Greatest Love of All" ni wimbo wa nne kati ya mitano ya upande wa pili, karibu na katikati. Huko mfereji, ule mstari uliochongwa ambao sindano inaufuata, unapita polepole chini ya sindano kuliko pembezoni, kwa hiyo sindano iliyochakaa, au santuri iliyochezwa sana, hutoa herufi "s" kwa mkwaruzo na noti za juu zinapasuka, tena pale pale wimbo unapofika kileleni. Muuzaji akikuwekea wimbo wa kwanza tu, mwombe asogeze sindano hadi dakika ya mwisho ya huo wa nne. Sauti ikitoka safi hapo, nunua.