Rafu Wazi Jikoni: Kabla ya Kuchagua Mbao, Gonga Ukuta

Saa nane usiku nilidhani wezi wamevunja dirisha. Kuwasha taa ya jikoni, nikakuta rafu yangu ya wiki tatu imelalia meko, sahani sita alizonipa mama nilipohamia Donholm zimekuwa vigae, na njugu zimetapakaa hadi mlangoni. Ukutani yalibaki matundu manne, mawili ya juu mapana kiasi cha kuingia kidole gumba. Kando ya sinki niliokota fisha moja, kile kiplastiki kinachotiwa tunduni kushika skrubu, nzima kabisa, imepakaa plasta kama mtu aliyetoka poshomili. Nilichukua rula nikapima tundu. Fundi alikuwa ametoboa sentimita tatu, na karibu mbili kati ya hizo zilikuwa plasta tupu. Jiwe lenyewe alikuwa amelibishia hodi tu.

Tangu hapo, kila anayetaka kuweka rafu wazi huniuliza habari za vumbi na mende. Vumbi lipo, na ukikaanga chapati kila Jumapili, chochote kilicho juu ya meko kitanata. Weka pale vyombo vya kila siku, vitaoshwa kabla havijanata. Vikombe vya wageni virudi kabatini. Yameisha hayo. Rangi na urembo sitagusa, picha mmeziona za kutosha.

Mimi nauliza ukuta. Chukua kifundo cha kidole ugonge, polepole, kuanzia karibu na dirisha hadi kona. Nyumba nyingi hapa Nairobi zimejengwa kwa mawe ya mashine, yale yanayoletwa na malori kutoka Ndarugo, na sauti yake ni butu, nzito. Huo ukuta ni rafiki, ila jiwe lenyewe ni laini: fundi akiacha mashine ipige nyundo huku ikizunguka, tundu la milimita 8 linaishia kuwa la 10. Mwambie azime nyundo, atoboe taratibu. Bloku zenye uwazi ndani hutoa sauti ya mtungi. Halafu kuna nyumba mpya za paneli za EPS, kama zile zinazotengenezwa na kiwanda cha Shirika la Nyumba la Taifa kule Mavoko: katikati ni povu, na kila upande kuna wavu wa waya na saruji nyembamba. Ni nyumba nzuri tu, lakini fisha ya kawaida ikishapita ile saruji inashika povu. Ukigonga ukasikia sauti ya debe tupu, usitundike sahani.

Jambo la pili ni braketi, vile vyuma vya pembe vinavyobeba rafu, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo kwa hesabu. Chukua pakiti 12 za unga, kilo 24. Zipange kwenye rafu yenye kina cha sentimita 30, inayobebwa na braketi ambazo mguu wake wa ukutani ni sentimita 10. Uzito unakaa sentimita 15 kutoka ukutani, kwa hiyo skrubu za juu zinavutwa nje kwa kilo 36. Yaani pakiti 18, wakati wewe umeweka 12! Punguza kina kiwe sentimita 20, refusha mguu uwe 25, na unga uleule utavuta chini ya kilo 10. Sahani kubwa ikining'inia kidogo ukingoni haidhuru, haitaanguka. Braketi za dukani zilizo na miguu mifupi ni za kuwekea maua. Mimi huenda Kamukunji, nachora ninachotaka kwenye kipande cha boksi, fundi wa chuma ananikatia na kuchomelea nikiwa nimesimama.

Na fisha? Mafundi wetu huita kila kiplastiki cha ukutani fisha, na wengi hawajui kwamba ni jina la mtu. Artur Fischer, Mjerumani, alibuni ile yake ya nailoni mwaka 1958. Mimi ni shabiki wa fischer halisi, ile ya kijivu, na sijalipwa na yeyote. S 8 yao ina urefu wa milimita 40, inataka tundu la milimita 8 na skrubu ya 4.5 hadi 6. Nailoni inatanuka na kuuma jiwe. Zile za rangirangi zinazouzwa kwa kiganja ni plastiki kavu, zinapasuka au zinazunguka pamoja na skrubu. Plasta yako ikiwa nene, toboa ndani zaidi uisukume fisha mpaka izame kwenye jiwe, ununue na skrubu ndefu itakayotokea ncha ya pili.

Sasa chaguo langu la kwanza: rafu moja, si tatu, ya mbao ya saiprasi iliyokauka, kina sentimita 20, braketi kila sentimita 60. Lakini jiandae kugombana na muuza mbao. Unalipia inchi moja, ikishapigwa randa unabaki na robo tatu, na ukiuliza unaambiwa, "Madam, hiyo ndiyo inchi." Kisha ni mbichi, ukiibonyeza inatoa machozi, na mwezi mmoja baadaye imejikunja kama ukucha. Tangu serikali ipige marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, tuliambiwa bei imepanda kwa sababu ya marufuku. Julai 2023 rais akatangaza kuiondoa. Ile bei iliyopanda, mimi sijaiona ikishuka, na nikiuliza siku hizi naambiwa ni dizeli.

La pili ni la wapangaji, ambao ndio wengi wetu: ng'oa milango ya kabati lililopo, ifunge kwa gazeti uisukume chini ya kitanda pamoja na bawaba zake. Hakuna tundu, na keateka hana cha kukukatia dipoziti siku ya kuhama. Hata mwenye nyumba yake aanze hivi kwa mwezi mmoja, aone kama anastahimili kuangalia sufuria zake kila asubuhi.

La tatu, rafu ya chuma ya kusimama sakafuni. Inakula nafasi, lakini haiombi ukuta chochote.

MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, karibu na sinki, hapana. Inavimba.

Na zile za bei rahisi za kubandika kwa gundi: wekea kiberiti, na chumvi kama ni ya pakiti ndogo.