Kliniki nzuri, ila kitanda hakishuki

Kwanza sifa, maana wanazo. Hii kliniki ya binafsi ya wajawazito hapa Dar (jina naliacha) ni safi, choo kina maji na sabuni, na kwa shilingi 30,000 unamwona daktari siku hiyohiyo. Mlangoni wameweka njia ya mteremko, tena ya kistaarabu, siyo zile za kukuangusha kisogo. Natumia kiti mwendo tangu darasa la tatu, kwa hiyo mteremko wa kupitia na ule wa kupigia picha navitofautisha kwa mbali.

Taabu inaanza ukishaingia. Mizani yao ni ya kusimama, basi kwenye kadi uzito wangu wameandika wa kukisia. Kitanda cha kupimia kinanifika kifuani na hakishuki. Ikabidi mlinzi aitwe kutoka getini aje aninyanyue, mimi na tumbo langu la miezi saba, kanga inateleza. Sista akamgeukia mdogo wangu wa kiume aliyenisindikiza: "Anapata choo vizuri?" Mimi nipo hapohapo namtazama. Halafu likaja lile swali ambalo dada zangu wenye ulemavu mnalijua: "Jamani, na wewe nani kakupa?" Nina mume, yuko na lori njia ya Tunduma. Hata nisingekuwa naye, lingemhusu nini?

Nikamwona meneja. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada yangu, walemavu tumewajengea mteremko, na wajawazito wote hapa tunawajali." Yote kweli. Ila mteremko wamemjengea mlemavu asiye na mimba, na kitanda wamemnunulia mjamzito anayeweza kupanda. Mimi ni wote wawili kwa pamoja, na huyo hawakumfikiria.

Jibu lake lilinikumbusha kesi ya Marekani. Wanawake weusi watano waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors, kwa kuwa kampuni ilipopunguza watu ilianza na walioajiriwa mwisho, na wanawake weusi haikuwa imewaajiri kabla ya 1964. Mwaka 1976 mahakama ikasema wanawake mbona wanaajiriwa (wazungu, wa ofisini), na mambo ya rangi wakayaunganishe na kesi nyingine. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo kuonyesha jinsi mtu anavyobaguliwa kwa rangi na jinsia vikiwa vimeshikana, huku sheria ikivitazama kimoja kimoja.

Na nisijifanye mnyonge kuliko wote. Nilipotoa kadi ya bima ya kazini, dada wa mapokezi alibadilika sura, nikawa "madam". Benchini alikuwepo binti kiziwi, mjamzito vilevile, analipa taslimu. Wakamwita jina kwa sauti, wakarudia, kisha faili lake likaenda chini ya rundo. Mpaka mama mmoja alipomgusa bega, mimi niliyemkuta pale nilikuwa nimeshaingia. Ulemavu tunao wote, kadi ninayo mimi.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, na zote ni za daktari, aliyechuchumaa akasikiliza mapigo ya mtoto nikiwa kwenye kiti changu bila kuita mlinzi. Mkienda, nendeni asubuhi. Mlinzi wa zamu ya mchana mgongo unamsumbua.