Opinel namba 8: kisu cha kukunja cha kubeba kila siku

Kisu hiki cha Savoie, Ufaransa, kilibuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Kwa mfukoni chukua ukubwa wa namba 8, wenye ubapa wa sentimita 8.5. Ubapa ni mwembamba, na hapo ndipo kinapovishinda visu vingi vizito vya bei kubwa: hukata nyanya, embe na kamba bila kulazimishwa. Usikitumie kubandulia vifuniko vya makopo ya rangi, ncha itakatika.

Pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, ndiyo kufuli. Fungua ubapa hadi mwisho, kisha zungusha pete mpaka ikaze. Ukiiacha, ubapa unaweza kukunjikia vidole.

Udhaifu mkubwa ni mpini wa mbao. Ukilowa huvimba na kuubana ubapa, hata kucha isiweze kuuvuta. Rudisha uwazi wa pete uelekeane na ubapa, gonga kitako cha mpini kwenye meza ngumu, na ncha itachomoza. Mpini ukikauka, pitisha msasa laini ndani ya mfereji unaopokea ubapa, kisha paka mafuta ya kitani. Usiuloweke kamwe kwenye beseni la vyombo!

Chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini ndimu hukitia madoa na hewa ya chumvi hukitia kutu. Kwa mkazi wa Mombasa au Unguja, napendekeza chenye ubapa wa chuma kisichoshika kutu, kinolewe kwa jiwe la namba 1000 (namba ya ulaini wa jiwe), pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande.