Eksteno ya TB 2: uzoefu wangu, na vipimo vya kufanya kabla muuzaji hajakusahau

Ninayotumia ni hadi diski (hard disk) ya inchi 2.5 yenye sahani zinazozunguka, TB 2, inayopata umeme kwenye waya uleule wa USB. Kwa kutunza picha, video na bakapu ya laptopu naipa nyota nne. Kwa kuhariria video moja kwa moja, mbili tu.

Boksi linasema TB 2, Windows itakuonyesha TB 1.81. Hapo hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Vivyo hivyo TB 1 husomeka GB 931.

Wizi wenyewe uko kwingine. Kariakoo, na zaidi kwenye matangazo ya mitandaoni, utakuta "SSD ya TB 16" (SSD ni hifadhi ya chipu, isiyo na sahani) yenye ukubwa wa kiberiti, bei chini ya hadi diski halali ya TB 1. Ndani mara nyingi ni kadi ya memori kama ya simu iliyochomekwa kwenye kibao cha USB, na kidhibiti chake kimechezewa ili kiitangazie kompyuta nafasi isiyokuwepo. Utakopi mafaili na majina yote yataonekana, lakini nafasi halisi ikishajaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hupotelea hewani. Kufomati hakusaidii chochote. Usibishane na bei ya namna hiyo, pita.

Ujanja wa pili ni mgumu kuubaini: hadi diski iliyotolewa kwenye laptopu ya mtumba, ikavalishwa kava jipya na kurudishwa kwenye boksi. Nenda dukani na laptopu yako yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure. Chomeka eksteno, tazama Power On Hours, yaani saa ambazo imeshawashwa. Mpya husoma sifuri au saa chache mno. Ikisoma maelfu, imeshafanya kazi kwa mtu mwingine. Kisha shuka hadi 05 (Reallocated Sectors, vipande vya diski vilivyoharibika na kubadilishwa) na C5 (Current Pending Sector, vinavyoshukiwa kuharibika). Soma safu ya mwisho, Raw Values, ambayo inatakiwa iwe sifuri tupu. Wengi hushtuka kuona 100 kwenye safu ya Current. Hiyo ni alama ya afya, si idadi ya sekta mbovu. Wajanja wanaweza kufuta kumbukumbu hizi, kwa hiyo sifuri peke yake haitoshi.

Ndiyo maana nasisitiza risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho ya bidhaa (serial number), na makubaliano ya siku za kurudisha yaandikwe, yasiishie mdomoni. Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka hata picha moja, endesha H2testw (kwenye Mac au Linux tumia F3). Inajaza diski yote kwa data kisha inaisoma tena kuhakiki. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 2 huchukua kama saa tano na nusu kuandika na nyingine kama hizo kusoma. Iache usiku, laptopu iwe kwenye chaji na usingizi wake (sleep) umezimwa.

Kwenye kasi, tundu ulilochomeka ndilo linaloamua. USB 2.0 itakupa MB 35 hivi kwa sekunde, maana yake GB 500 ni saa nne. USB 3.0, ambayo mara nyingi tundu lake ni la bluu, inaishusha kazi hiyo hadi saa moja na dakika chache. Lakini diski nyingi za TB 2 za inchi 2.5 zinatumia SMR, yaani njia za data zinapandiana kingoni ili zienee nyingi. Ukikopi mzigo mkubwa mfululizo, kasi inaanza zaidi ya MB 120, kisha inaporomoka hadi 30 au chini. Si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Hizo nyota mbili zimetokana na hilo.

Ikitoa mlio wa tik-tik au ikijizima na kujiwasha, shuku umeme kwanza. Toa hab (kigawio cha matundu ya USB) na waya wa kurefushia, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu kwa waya mfupi mwingine. C7 (hesabu ya makosa ya kusafirisha data) ikipanda kwenye CrystalDiskInfo, hiyo nayo huelekeza kwenye waya au muunganisho kuliko sahani. Kiungo dhaifu kuliko vyote ni lile tundu bapa la Micro-B. Kwenye WD nyingi za inchi 2.5 limeunganishwa kwenye bodi ya diski yenyewe, bila SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski) ndani. Likivunjika, fundi hawezi kuichomoa diski na kuivalisha kava lingine.

Za inchi 3.5 hupata nafuu ya bei kwa kila TB, ila zinataka adapta ya volti 12. TANESCO ikikata katikati ya kuandika, laptopu inabaki hai na diski inazimika, faili linaharibika. Bila UPS sizipendekezi Dar.

Mhariri wa video anunue SSD halisi. Samsung T7, kwa mfano, ina gramu 58 na hufika MB 1,050 kwa sekunde ukiwa na tundu la Gbps 10. Usiifungie kabatini miaka bila kuiwasha, kwani chaji inayoshika data hupungua, na joto huharakisha.

Fomati kwa exFAT (mojawapo ya mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, kama NTFS na FAT32) kama unahama kati ya Windows na Mac. NTFS kwenye Mac husomeka tu, haiandikiki. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, ingawa baadhi ya runinga hazitambui exFAT, hivyo jaribu na flashi kwanza. Na ukishaichomoa, subiri sahani zisimame ndipo uitie kwenye begi.