Darasa la Jioni la Historia, Mikindani: Somo la Jenerali Ramón Castilla wa Peru

Kwa watu wazima wa Mtwara wanaopenda historia lakini hawana nafasi ya kukaa chuoni mchana, darasa la jioni linaloendeshwa na walimu wawili wastaafu pale Mikindani ni huduma ambayo ningependa ijulikane zaidi. Ada ni shilingi 3,000 kwa jioni moja, na kila anayehudhuria hupewa kijitabu cha kurasa chache. Mfululizo wa sasa unahusu majenerali wa Amerika Kusini waliokuwa marais katika karne ya 19. Tathmini yangu inahusu somo la Ramón Castilla wa Peru, kwa sababu ndilo lililoandaliwa kwa uangalifu kuliko yote niliyoyasikia hapo, na ndilo pia lililoacha pengo ambalo siwezi kulinyamazia.

Miaka ya ujana wa Castilla ilisimuliwa kwa haraka, jambo ambalo naliunga mkono. Alizaliwa mwaka 1797 huko Tarapacá, eneo la jangwa ambalo leo liko Chile, na aliingia vitani akiwa askari wa mfalme wa Hispania, si wa wapigania uhuru. Baada ya kutekwa katika mapigano ya Chacabuco, Chile, mwaka 1817, alizunguka kupitia Rio de Janeiro, akaikata Brazil kwa nchi kavu hadi Santa Cruz, ndipo akafika Peru, ambako mwaka 1822 alihamia upande wa José de San Martín, jenerali wa wapigania uhuru. Mwaka 1824 alikuwepo Ayacucho, pale nguvu za Hispania katika bara hilo zilipovunjwa. Safari hiyo ndefu ilihitaji ramani nzuri, lakini iliyotundikwa ukutani ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba sisi tuliokaa nyuma tuliambulia rangi tu.

Uhodari wa mwalimu ulionekana alipofika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Angeweza kutuchosha kwa orodha ya mapinduzi, maana Peru ilikuwa nayo mengi, lakini alichagua kueleza kwanza kwa nini yalitokea: hazina ilikuwa tupu, jeshi ndilo lililokuwa chombo pekee chenye nguvu baada ya Wahispania kuondoka, na kila jenerali alikuwa na mkoa uliomuunga mkono. Kwa msingi huo tulielewa bila taabu kwamba kuuawa kwa Rais Agustín Gamarra katika mapigano ya Ingavi mwaka 1841, alipoivamia Bolivia, kuliiacha Peru bila mwenyewe, na kwamba Castilla, ambaye alitekwa katika vita hivyohivyo, alirudi na kumshinda jenerali mpinzani wake, Manuel Ignacio de Vivanco, pale Carmen Alto mwezi Julai 1844, akawa rais mwaka uliofuata.

Kisha likaja suala la guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi katika visiwa vya Chincha, na ambacho wakulima wa Ulaya walikinunua kwa wingi kama mbolea. Fedha za guano ndizo zilizomwezesha Castilla kulipa madeni, kuandaa bajeti na kujenga reli ya Lima hadi Callao, iliyofunguliwa mwaka 1851. Katika mji ambao kila mtu ana maoni yake kuhusu gesi ya Mnazi Bay, darasa lilichangamka mara moja. Mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, hao waliokuwa wakiichimba hiyo mbolea walipata nini?" Mwalimu alijibu, "Mzee wangu, hazina ilipata nyingi, ila nyingi pia ziliishia kwa wakubwa," akaendelea kueleza jinsi, chini ya Rais José Rufino Echenique aliyempokea Castilla madaraka, deni la ndani lilivyovimba kwa madai ya uongo hadi kupita peso milioni 20. Maelezo hayo yalikuwa sahihi na yenye manufaa, lakini swali la mzee lilikuwa la wachimbaji, na halikujibiwa.

Sehemu iliyonipa sababu ya kuandika tathmini hii ni ile ya mwaka 1854. Castilla alikuwa mwasi wakati huo, akipigana kumwondoa Echenique, na akiwa bado kambini alitoa amri mbili. Ya kwanza, iliyotolewa Ayacucho tarehe 5 Julai, ilifuta kodi ya kichwa waliyotozwa wenyeji wa asili wa Peru tangu enzi za Wahispania. Ya pili, iliyotolewa Huancayo tarehe 3 Desemba, ilifuta utumwa. Mwalimu hakutuficha kwamba Echenique ndiye aliyetangulia kuwaahidi uhuru watumwa watakaojiunga na jeshi lake, na kwamba Castilla aliizidi ahadi hiyo kwa kuwaachia huru wote, isipokuwa wale watakaoshika silaha kumtetea mpinzani wake. Kwa hiyo amri ileile ilikuwa haki kwa watu wapatao 25,000 na ilikuwa pia silaha ya vita, na mwalimu alituachia yote mawili yakiwa pamoja, bila kutulazimisha kumtukuza wala kumdharau jenerali. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Januari 1855, Echenique alishindwa pale La Palma. Fidia ya peso 300 kwa kila mtumwa walilipwa mabwana, na fedha zenyewe zilitoka kwenye guano.

Nafikiri hakuna mahali panapofaa zaidi kwa somo hilo kuliko Mikindani, bandari ambayo misafara kutoka bara iliifikia ikiwa na watu waliofungwa minyororo. Mwalimu aliweka amri ya Huancayo kando ya mkataba wa mwaka 1873, ambamo Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kuzuia biashara ya watumwa baharini, kando ya amri ya mwaka 1897 ya Zanzibar, ambayo nayo iliwalipa fidia wenye watumwa, na kando ya sheria ya mwaka 1922 iliyoufuta utumwa Tanganyika. Ulinganisho huo haukulazimishwa, na kwa maoni yangu peke yake unazidi thamani ya ada.

Sasa pengo. Mwaka 1849, katika muhula wa kwanza wa Castilla mwenyewe, Peru ilipitisha sheria iliyoruhusu kuingizwa kwa vibarua wa mkataba kutoka China, na watu hao ndio waliofanyishwa kazi katika visiwa vya guano na mashamba ya miwa, katika hali ambayo wengi hawakutoka wakiwa hai. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la mzee, lakini halikutajwa darasani wala halimo kwenye kijitabu. Kumsifu mtu kwa kufuta utumwa bila kueleza ni akina nani walioingizwa kufanya kazi zilezile ni kumpa msikilizaji nusu ya habari, na wasikilizaji wa pwani hii wana haki ya kuipata nzima. Nilimweleza mwalimu baada ya kipindi, akanisikiliza kwa heshima na kuniahidi kuongeza ukurasa.

Mengine ni madogo. Muhula wa mwisho wa Castilla, hadi mwaka 1862, ulipita haraka mno, na Katiba ya mwaka 1860, iliyodumu kwa miongo kadhaa, ilistahili zaidi ya sentensi mbili. Kifo chake mwaka 1867, akiwa juu ya farasi Tarapacá na umri wa miaka 69, njiani kuongoza uasi mwingine, kilielezwa vizuri. Herufi za kijitabu zimefifia, na mwenye macho dhaifu atahitaji miwani.

Anayetoka Mtwara mjini apange usafiri wa kurudi mapema, kwa kuwa kipindi huisha usiku na daladala huwa chache, na kukodi bajaji watu watatu kwa pamoja kunapunguza gharama. Somo linalofuata ni la Justo José de Urquiza wa Argentina, na viti ni vichache.