Je, Dubwi Linatenda Haki kwa Sarafu Yako? Uchambuzi wa Mashine ya Matunda

Mpendwa mtazamaji, karibu. Leo sipo mahali petu pa kawaida. Nipo katika karakana ya fundi mmoja wa vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam, na hiyo unayoiona nyuma yangu ni ile mashine ambayo wengi wetu tunaiita dubwi, wengine bonanza, na wengine mashine ya Wachina kwa sababu huko ndiko nyingi zinakotengenezwa. Kioo chake kina taa zinazozunguka mraba wa picha: tufaha, chungwa, limau, kengele, tikiti maji, nyota, 77 na BAR. Chini ya kioo kuna vitufe vinane, kimoja kwa kila picha, na pembeni kuna tundu jembamba la kuingizia sarafu ya shilingi 200.

Sikuja kueleza namna ya kushinda. Swali langu ni finyu zaidi, ingawa kwangu mimi ni zito: tangu sarafu inapotoka mkononi mwako hadi inaporudi, au hadi unapoipoteza kwa halali ya mchezo, je, mashine hii inaihesabu kwa uaminifu? Nimelichukua swali hili baada ya kumshuhudia kijana mmoja katika grosari akiipiga mashine ubavuni kwa kiganja na kulalamika kwamba imemeza sarafu zake mbili bila kumpa pointi hata moja. Mhudumu alimjibu kwamba mashine haikosei. Kijana hakuwa na la kuonyesha, mhudumu naye hakuwa na la kuonyesha, na mambo yakaishia hapo. Hali hiyo ilinisumbua, kwa sababu shilingi 400 ni pesa ya mtu, na mwenye nayo alistahili jibu lililo bora kuliko neno la mhudumu.

Tuanze na mdomo wa mashine. Fundi ameufungua, na nakuomba uangalie kwa makini hapa kidole changu kilipo. Unaiona sarafu hii iliyobanwa ndani ya kifaa? Haikukwama. Imewekwa kwa makusudi, nayo ndiyo sampuli. Ni sarafu ya kawaida ya shilingi 200, yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, na imesimama katikati ya koili za waya wa shaba. Sarafu yako inapoteremka, hupita kando yake kati ya koili hizo, na kifaa hulinganisha namna madini ya sarafu hizo mbili yanavyovuruga uga wa sumaku. Zikifanana, sumaku ndogo ya umeme huvuta kijilango na sarafu yako huingia ndani. Zisipofanana, kijilango hubaki kimefungwa na sarafu yako huteleza hadi kwenye sinia la nje.

“Dada, hii haisomi maandishi wala haioni sura ya mtu,” fundi aliniambia. “Inapima chuma tu.”

Naomba maneno hayo yazingatiwe, kwa sababu yanaeleza malalamiko mengi. Mashine haijui kwamba sarafu yako ni halali kwa mujibu wa Benki Kuu. Inajua tu kwamba inafanana au haifanani na ile iliyobanwa humo ndani. Ikiwa sampuli yenyewe imechakaa, imeingia vumbi au imesogea kidogo, sarafu nzuri zitakataliwa moja baada ya nyingine. Zaidi ya hapo, nyuma ya kifaa kuna skrubu ndogo ya kurekebisha ukali wake. Ikikazwa sana, sarafu halali zilizolika kidogo hukataliwa. Ikilegezwa sana, hata kipande cha chuma kisicho fedha kinaweza kupita. Kwa uamuzi wangu, kukataliwa si dhuluma. Sarafu iliyorudishwa bado ni yako, na unaweza kuipeleka dukani ukanunulia maandazi. Dhuluma huanza pale sarafu inapopokelewa bila kuandikwa.

Kwa hiyo nilifanya jaribio. Tulilimwaga hopa, yaani kile chombo cha ndani kinachohifadhi sarafu, likabaki tupu kabisa. Nikaingiza sarafu 50 ambazo ni jumla ya shilingi 10,000, moja moja, bila haraka, huku fundi akiandika. Sarafu 46 ziliingia na kila moja ikaleta pointi yake, kwa kuwa mashine hii ilikuwa imepangwa kwa sarafu moja pointi moja. Tatu zilirudi, mbili kati yake nilizifuta kwa kitambaa zikakubaliwa, na ya tatu, iliyopinda kidogo ukingoni, haikukubaliwa hata nilipoijaribu mara sita. Na moja iliingia, nikaisikia ikigonga chini, lakini namba kwenye kioo haikubadilika. Nitarudi kwenye sarafu hiyo.

Sababu ya kumezwa kwake si fumbo. Baada ya kijilango kufunguka, sarafu hupita mbele ya kihisi cha mwanga, na ule mwanga unapokatizwa ndipo bodi, yaani ubao wa umeme unaoendesha mashine, inapopata taarifa kwamba sarafu imefika na kuongeza pointi. Kihisi kikiwa na vumbi, au sarafu mbili zikifuatana kwa karibu mno, au umeme ukicheza hata kwa kitambo kidogo, sarafu huweza kupita bila taarifa hiyo kufika. Chombo cha kupimia kingekuwa na njia ya kulinganisha kilichoingia na kilichoandikwa, lakini mashine hii haina. Lililopotea kati ya kijilango na bodi limepotea, na mchezaji hapewi stakabadhi ya aina yoyote.

Sasa njoo chini, kwenye mlango wenye kufuli, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kuhusu mashine hii. Unaona visanduku viwili vidogo vyenye namba zinazozunguka, kama mita ya maji? Hizo ni mita za sarafu. Moja inahesabu zinazoingia, nyingine inahesabu zinazotoka. Haziwezi kurudishwa nyuma kwa kitufe, na umeme ukikatika hazisahau. Kwa kawaida mwenye mashine humkabidhi mwenye duka au baa kuiweka pale kwa makubaliano ya kugawana mapato, na siku ya kugawana, mita hizi ndizo shahidi kati yao. Kwa maneno mengine, mtengenezaji alijua fika kwamba watu wanaweza kutiliana shaka juu ya sarafu, na akaweka shahidi asiyehongeka. Ila shahidi huyo amefungiwa nyuma ya kufuli, na ufunguo hauko kwa mchezaji. Mashine ina daftari, tena zuri, lakini limeandikwa kwa ajili ya watu wawili kati ya watatu wanaohusika.

Nakiri kwamba jambo hili limenichoma. Kuliweka daftari hilo mbele, chini ya kioo, ambapo kijana yule wa grosari angeweza kusoma namba kabla na baada ya kuingiza sarafu yake, kungekuwa kazi ya kutoboa tundu mbili kwenye bati.

Tuje kwenye malipo. Unaposhinda, sarafu hazidondoki. Ushindi huongezwa kama pointi kwenye kioo, na mashine hukuuliza, kwa taa na muziki, kama ungependa kuendelea kucheza au kubahatisha ushindi wako uwe maradufu kwa kukisia namba kubwa au ndogo. Ili upate fedha mkononi, lazima wewe mwenyewe ubonyeze kitufe cha kulipa. Hilo si wizi, lakini tazama lilivyopangwa: kuingiza sarafu ni tendo la papo hapo, kuitoa kunahitaji uamuzi, na kati ya hayo mawili kuna vitufe vyote vya kukushawishi. Kuna na hesabu nyingine ambayo watu wengi huipita. Mtu anayebonyeza vitufe vyote vinane kwa pointi moja moja ameweka shilingi 1,600. Taa ikisimama kwenye tufaha, ambalo katika mashine hii hulipa mara tano, anapata pointi tano, yaani shilingi 1,000. Mashine inapiga muziki wa ushindi, walio karibu wanageuka kutazama, naye amepoteza shilingi 600.

Jaribio la kulipa lilikuwa hivi. Nikiwa na pointi 48, bila kucheza, nilibonyeza kitufe cha kulipa. Ndani ya hopa kuna sahani yenye matundu inayozunguka na kuchota sarafu moja moja, kisha kuitupa nje mbele ya kihisi kingine. Zilitoka 48 kamili. Nilizihesabu mara mbili mbele yenu, na kwa hilo naipa mashine haki yake: ilichokiandika, ilikilipa.

Kisha tukaweka sarafu 20 tu ndani ya hopa, huku kioo kikionyesha pointi 30. Ilitoa 20, sahani ikazunguka bure kwa sekunde kadhaa, kengele ikalia na namba ya hitilafu ikatokea. Zilibaki pointi kumi, sawa na shilingi 2,000, ambazo mashine inazikiri lakini haiwezi kuzilipa. Hapo mchezaji hutegemea mhudumu amlipe kwa mkono au aongeze sarafu. Tulipozima umeme na kuuwasha, pointi kumi zilikuwa bado zipo, lakini fundi alisema betri ndogo ya bodi ikifa, kioo hurudi na sifuri. Katika mitaa yetu, ambako umeme unaweza kukatika wakati wowote, betri hiyo ni sehemu ya haki ya mchezaji, na hakuna anayeikagua kwa niaba yake.

Niongeze jambo moja la kihistoria kwa sababu linahusika moja kwa moja. Mashine za kwanza za kamari za Marekani katika miaka ya 1890 zilionyesha karata, na mshindi alilipwa na mwenye baa, mara nyingi kwa bia au sigara. Charles Fey, fundi mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeishi San Francisco, alitengeneza mashine ya magurudumu matatu iliyolipa sarafu yenyewe, bila mkono wa mtu. Picha za matunda zilikuja baadaye, kupitia mashine zilizotoa ubani wa kutafuna wenye ladha za matunda ili kukwepa sheria za kamari. Fadhila kubwa ya mashine ya Fey ilikuwa kumwondoa mwenye baa katikati ya mchezaji na fedha yake. Hopa linapokauka katika grosari ya leo, mchezaji anarudishwa pale pale kwa mwenye baa.

Kuhusu kiwango cha malipo, yaani sehemu ya fedha zinazoingia ambayo mashine imepangwa kuirudisha kwa wachezaji, fundi alinionyesha swichi ndogo ndogo kwenye bodi. Mwenye ufunguo anaweza kuzibadilisha, na hakuna alama yoyote nje inayomwambia mchezaji kwamba mashine ya leo si ya jana. Nchini Uingereza, ambako mashine za matunda zimekaa katika baa kwa miongo mingi, kanuni zinataka mchezaji aonyeshwe asilimia inayorudishwa au uwezekano wa kushinda, na ikiwa matokeo yanaathiriwa na michezo iliyotangulia, mashine itamke hivyo waziwazi. Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, na sheria imeweka umri wa kuanzia miaka 18. Watazamaji wa Kenya, mnaozifahamu mashine hizi kwa sarafu ya shilingi 20, mnakumbuka msako wa mwaka 2018 zilipokusanywa na kuteketezwa. Ningependa kuona hatua kabla ya moto: mita zionekane, kiwango kiandikwe kwenye kioo, na jina pamoja na simu ya mwenye leseni vibandikwe mahali ambapo mtu aliyemezewa sarafu atavisoma. Na mtoto mwenye sare ya shule, aliyepewa shilingi 200 ya kifungua kinywa, asisogee hata karibu na tundu hili. Nimewaona. Si mmoja.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama chombo cha kupokea sarafu, mashine hii inafanya kazi yake vizuri iwapo inasafishwa. Kama chombo cha kulipa, inalipa kwa usahihi kile ilichokiandika, mradi hopa lina fedha na betri ni nzima. Kama chombo cha kuaminiwa na mchezaji, siipitishi, kwa kuwa kila penye shaka ushahidi uko upande wenye ufunguo.

Na ile sarafu moja iliyomezwa? Baada ya zile 48 kutoka, fundi alimulika tochi ndani ya hopa, ambalo lilipaswa kuwa tupu. Ilikuwepo, imelala ubavu kando ya sahani, simba wakitazama juu. Mita ya kuingia ilikuwa imeongezeka 48, na mita ya kutoka imeongezeka 48. Kwa hesabu za mashine, sarafu hiyo haikuwahi kuingia. Fundi aliitoa na kunirudishia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimesimama pale.