Beatles wako juu ya paa, deki yangu imeganda

Nianze na hasira, maana bado ninayo. Karibu muda wa saa saba nimekaa na Beatles, ile bendi ya Uingereza, kwenye filamu yao ya Get Back, DVD mbili nzima na kipande kikubwa cha tatu. Wamefika juu ya paa la ofisi yao Savile Row, London, baridi ya Januari 1969, Paul McCartney anafungua mdomo aimbe, deki ikaganda. Picha vigae vigae, sauti kr-kr-kr.

Deki yenyewe ilikuwa imetoka kwa fundi wiki hiyo hiyo! Nikamrudishia. Hata kuifungua hakuifungua. "Mzee, deki nzima hii. Siku hizi nani anaangalia DVD? Tena wazungu wamekaa tu wanakunywa chai." Kibanda kizima kikacheka. Nilikuwa na la kumjibu nikalimeza, kwa sababu, nikiri, sehemu ya kwanza kweli wamekaa tu wanakunywa chai.

Ila mimi nilikuwa siwapendi kabisa watu hawa. Nimekulia kwenye muziki wa dansi; Beatles kwangu ni vijana waliopigiwa mayowe na wasichana, halafu wakavunjwa na mwanamke. Hadithi ya Yoko Ono, mpenzi wa John Lennon, niliimeza bila kutafuna, na filamu yao ya 1970, Let It Be, ikaniongezea chumvi. Sasa hii ya Peter Jackson ya 2021 imeshonwa kutoka picha zile zile za zamani, na Yoko yupo ubavuni kwa John, anafuma, anasoma gazeti. Basi! Anayesusa ni George Harrison, mpiga gitaa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mazoezi ya bendi anamjua: mpiga solo ambaye kila akileta wimbo anaambiwa ngoja kwanza. Anarudi, kisha anaingia Billy Preston na kinanda chake, wote wanashika adabu kama wanandoa waliobishiwa hodi katikati ya ugomvi.

Kuna pahala Paul anakwaruza besi akimsubiri John, George anapiga miayo, na wimbo wa Get Back unatoka hewani hivi hivi. Nilirudisha nyuma mara nne.

Hata hivyo ni ndefu mno, na Paul ni mjuaji hadi anakera. Nilishaapa simpendekezei mtu. Juzi mpwa wangu akaniwekea lile paa kwenye kompyuta yake. Polisi wamefika, wao wanapiga tu, John anacheka. Nikaomba aanze tena DVD ya kwanza, na chai zao zote.

Deki iko kwa fundi. Akae nayo.